Watu kumi bila kinanda

(Hotuba kwa walimu wa kwaya waliokusanyika Dodoma mjini. Tunaiweka yote kwa ajili ya waliokuwa shambani, safarini au zamu ya kazi. Picha zilizoonyeshwa ukutani tumeziacha.)

Mbukwenyi!

Haijatosha. Hiyo ni mbukwa, salamu yetu ya Kigogo, ya watu waliotoka kula ugali na mlenda sasa hivi. Nyie ni walimu wa kwaya. Mbukwenyi!

Naam. Hiyo sasa imetoka tumboni.

Ndugu walimu, wazee wetu mliotutangulia katika kazi hii, akina mama wa sauti ya kwanza, na nyie besi mliokaa viti vya nyuma kama kawaida yenu. Mada ya leo ni kwaya moja ya Uingereza inayoimba nyimbo za kale. Kale ya namna gani? Ni nyimbo zilizotungwa kuanzia miaka ya 1450 hadi 1620 hivi, kabla ya Bach, kabla ya Handel na ile Haleluya inayotutoa jasho kila Pasaka, kabla piano haijabuniwa. Kwaya yenyewe inaitwa The Tallis Scholars. Ilianzishwa mwaka 1973 mjini Oxford na kijana aliyekuwa bado anasoma chuo, Peter Phillips, kwa kuchukua waimbaji kutoka kwaya za vyuo vya Oxford na Cambridge. Jina limetoka kwa Thomas Tallis, mtunzi aliyefariki mwaka 1585 baada ya kuwatumikia watawala wanne wa Uingereza, wengine Wakatoliki, wengine Waprotestanti, na kila mmoja akitaka muziki wa namna yake.

Sasa walimu wa Kongwa, Manyoni, Kondoa na Bahi wanahusikaje na Oxford? Nitasema, na nitalirudia: kwaya ile ilifika mbali kwa kutafuta kwa jasho kitu ambacho masikio ya Ugogo yanacho tayari. Wao walikitafuta. Sisi tunakifukuza kwa kinanda. Tutafika hapo, msiwe na haraka.

Tuanze na shida waliyoikuta.

Ukitaka kujua msunyunho, wimbo wa jadi wa Wagogo, unaimbwaje, unafanya nini? Unamfuata mzee. Unakaa, unasikiliza, unaimba naye, anakurekebisha. Sasa fikirini wimbo ambao mzee wake wa mwisho alifariki miaka 400 iliyopita. Hakuna kanda, hakuna wa kumuuliza. Kilichobaki ni karatasi, na karatasi yenyewe si kama hii ya kwetu yenye sauti nne zimepangwa moja juu ya nyingine. Karne ya 16 kila sauti ilikuwa na kitabu chake. Besi ana chake, sauti ya kwanza ana chake, na hakuna anayeona mwenzake anaimba nini. Ndani ya kitabu hakuna mistari ya kugawa mapigo. Hakuna alama ya kuimba kwa nguvu wala kwa upole. Mwendo haukuandikwa. Mara nyingi maneno yamewekwa mwanzo wa mstari tu, mwimbaji ajigawie silabi mwenyewe.

Mpango huo ulikuwa na faida, kwa sababu karatasi ilikuwa ghali na kunakili kwa mkono ni kazi. Hasara yake mnaiona? Kitabu kimoja kikipotea, wimbo mzima umekatwa mguu.

Na vilipotea. Chuo cha Peterhouse kule Cambridge kinamiliki seti ya vitabu vilivyonakiliwa karibu mwaka 1540, siku za mfalme Henry wa Nane. Vilikuwa vitano. Kile cha sauti ya tatu hakipo, na cha sauti ya kwanza kimepoteza kurasa. Zimo humo nyimbo ambazo hazipatikani kwingine kokote. Basi mtaalamu anakaa na sauti zilizobaki, anaitunga ile iliyopotea. Anaitungaje? Kwa kanuni. Sauti ya tatu hairuhusiwi kutembea sambamba na besi kwa umbali wa nota tano. Sauti ya kwanza ikianza na tuni fulani, na sauti ya pili ikairudia baada ya mapigo mawili, kuna kila dalili kwamba ya tatu nayo iliingia na tuni ileile mahali fulani, na mtaalamu anapapasa mpaka apate inapokaa. Kwa solfa, mwisho wa sentensi akikuta besi yuko d (do) na wengine wako m (mi) na d, anajua s (so) imekosa mwenyewe. Ni kama kitenge kilichotoboka: unafuata maua yaliyobaki pembezoni mwa tundu.

Kuna zoezi la bure hapo, walimu. Wimbo wenu mpya ukishafika wiki ya tatu ya mazoezi, kila sauti ipewe karatasi yenye mstari wake peke yake. Dakika kumi za kwanza ni vurugu. Watakaopotea mapema ni wale waliozoea kumtazama mwenzao akifungua mdomo. Wakipotea usiwasimamishe, waache wasubiri mwisho wa sentensi waingie upya. Baada ya mara nne au tano utawasikia wameanza kusikilizana, maana hawana msaada mwingine.

Sasa idadi. Kwaya zetu ni watu 40, watu 60, sare mpya, spika mbili, na mtu wa mitambo ambaye hakuja mazoezini hata siku moja. The Tallis Scholars kwa kawaida husimama watu 10. Kumi tu! Wimbo wa sauti tano, wawili kila sauti, bila kinanda, bila kipaza sauti, kwenye kumbi za watu elfu na zaidi.

Kwa nini wawili? Kwa sababu mmoja akivuta pumzi mwenzake anaendelea, na mstari haukatiki. Akiwa mmoja, kila pumzi inasikika kama tundu. Wakiwa wanne au watano kila sauti kazi ni rahisi, makosa madogo yanafunikana, lakini nyimbo hizi ni za sauti kufukuzana: hii imeanza, ile imedaka, nyingine imerukia juu. Wingi wa watu unazigeuza uji. Wawili ndiyo idadi ngumu kuliko zote. Wakitofautiana hata kidogo, sikio linasikia sauti mbili zikigombana, na hakuna wa tatu wa kuwaamulia.

Jaribuni hivi. Wasimamishe wawili wa sauti moja, waimbe “a” ndefu kwenye s, kwa nguvu ya wastani. Mtu wa tatu awape mgongo. Mmoja wa wale wawili anyamaze ghafla. Aliyewapa mgongo akiweza kutaja ni nani aliyenyamaza, bado hawajalingana. Kinachowatofautisha karibu kila mara ni vokali: mmoja amefungua mdomo kwa “a”, mwenzake ameuacha nusu wazi. Kinachofuata ni mtetemo. Sauti inayotetemeka inapita juu na chini ya nota, na wawili wanaotetemeka kila mmoja kwa mwendo wake hawalingani hata siku moja.

Kwaya za makanisa makuu ya Uingereza kwa karne nyingi sauti ya kwanza ziliwapa wavulana. Mvulana akifika miaka 13 au 14, akiwa ndiyo kwanza ameanza kuelewa, sauti inavunjika. Phillips aliweka wanawake wanaoimba nota iliyonyooka, wakabaki miaka mingi. Mwaka 1980 wakaanzisha na lebo yao wenyewe ya kurekodi, wakaiita Gimell. Neno hilo la kale lilitumika Uingereza pale sauti moja inapogawanyika kuwa mbili, mapacha. Jina limekaa vizuri kwa watu wanaoimba wawili wawili.

Na msije mkadhani uchache ni ulemavu. William Byrd, mwanafunzi wa Tallis, alikuwa Mkatoliki wakati misa imepigwa marufuku Uingereza. Alichapa misa tatu kati ya mwaka 1592 na 1595, ya sauti nne, ya sauti tatu na ya sauti tano, na vitabu vikatoka bila ukurasa wa jina, ili ukikamatwa nacho hakuna alipotajwa mchapaji. Misa hizo ziliimbwa ndani ya nyumba za watu, kwa siri, na waliokuwepo ndio haohao waimbaji. Kwa hiyo kigango chenye waimbaji watatu kisilie. Kina misa yake tangu siku za Elizabeth wa Kwanza.

Tuje kwenye ufunguo. Hapa naomba utulivu, hata kule nyuma, kwa sababu hapa ndipo kwaya nyingi zinapojichimbia kaburi.

Nota ya karne ya 16 haikusema uimbe juu kiasi gani. Uma wa 440, kile chuma kinachopigwa kutoa nota ya kupimia, haukuwepo. Mwandishi alichagua alama ya ufunguo ili nota zisitoke nje ya mistari mitano, basi. Nyimbo zilizoandikwa kwa funguo za juu ziliteremshwa nota nne au tano wakati wa kuimba, na waimbaji walilijua hilo kama dereva anavyojua kushusha gia mlimani. Leo mtu anachukua karatasi ileile, anaimba ilivyo, sauti ya kwanza inapiga mayowe na besi anaimba mahali pa sauti ya tatu. Halafu tunalaumu koo za watu.

Oxford ya miaka ile kulikuwa na mwalimu, David Wulstan, kiongozi wa kwaya ya The Clerkes of Oxenford, aliyeshikilia kwamba nyimbo za kanisa za Kiingereza za zama za Tallis zipandishwe nota moja na nusu. The Tallis Scholars walianza kwa kumfuata, ndiyo maana katika rekodi zao za mwanzo sauti ya kwanza iko angani na popo. Wataalamu wengine wakaja kupinga, wakasema kiwango kilikuwa chini ya hapo.

Lakini kisa chenyewe cha ufunguo ni cha Miserere. Gregorio Allegri, mwimbaji wa kwaya ya Papa, aliitunga Zaburi ya 51 katika miaka ya 1630 kwa kwaya mbili, moja ya sauti tano na nyingine ya sauti nne, iimbwe Sistine, kanisa la Papa kule Vatikani, katika Wiki Takatifu. Mwaka 1770 Mozart, mtoto wa miaka 14, akaisikia na kwenda kuiandika kwa kichwa. Wengi mmewahi kuisikia. Mnaikumbuka ile nota ya sauti ya kwanza inayopaa mpaka C ya juu kabisa, watu wanashika vifua?

Ile nota Allegri hakuiandika.

Mwaka 1831 mtunzi Mendelssohn alisikia Miserere mjini Roma, akaandika kipande kidogo, na alichokisikia kilikuwa kimeimbwa nota nne juu ya kawaida. Baadaye karne hiyohiyo kipande hicho kikawekwa kama mfano katika kamusi kubwa ya muziki ya Grove, na wachapaji waliofuata wakakishonea katikati ya ubeti bila kukirudisha kwenye ufunguo wake. Nusu ya kwanza ya ubeti inatembea ardhini, nusu ya pili imeruka nota nne. Ni kosa la kunakili, jamani. Na The Tallis Scholars waliporekodi toleo hilohilo mwaka 1980 katika kanisa la chuo cha Merton, rekodi hiyo ndiyo iliyowatangaza duniani. Mwaka 1994, marekebisho ya michoro ya Michelangelo yalipokamilika, waliitwa kuimba ndani ya Sistine yenyewe.

Kosa likiwa zuri watu hulitunza. Lakini nyie msitegemee bahati hiyo. Kabla hujagawa karatasi, tafuta nota ya juu kabisa ya sauti ya kwanza na ya chini kabisa ya besi, ndipo uchague d. Ukiona sauti ya kwanza wanainua kidevu, umewapandisha. Ukiona besi wanainamisha kidevu kifuani na hakuna kinachotoka, umewashusha mno. Kidevu hakidanganyi. Na kwa hewa ya kwetu, Julai mpaka Oktoba, upepo na vumbi, koo inakauka hata kabla hujaimba. Maji yanywewe saa moja kabla. Ya dakika ya mwisho yanalowesha mdomo tu.

Sasa nimefika nilikowaahidi.

Kinanda. Mnakipenda, najua. Kimechangiwa kwa harambee, kimebarikiwa, kina kitambaa chake cha kufunikia. Lakini kinanda kimetuniwa kwa ujanja: ili funguo zote 12 zipigike bila moja kuudhi kuliko nyingine, karibu kila nota imesogezwa kidogo kutoka mahali pake. Iliyoumia zaidi ni m. Gawa nusu-nota moja katika sehemu 100: m ya kinanda imekaa juu ya m ya asili kwa sehemu 14.

Mnataka kuisikia? Mkirudi kwenu, chagua sauti ya filimbi au ogani isiyotetemeka. Bonyeza C ya kati, ambayo ni mitetemo 261.6 kwa sekunde, pamoja na E iliyo juu yake, 329.6. Zima feni, tega sikio. Ndani ya zile sauti mbili kuna kitu kinadunda haraka, kama mara 10 kwa sekunde. Sasa mtu aimbe E hiyo na kuishusha taratibu. Ikifika 327 hivi, mdundo unatulia. Unazimika kabisa, na sauti mbili zinakuwa kitu kimoja. Hiyo ndiyo m ya nyimbo za kale. Tallis aliisikia hiyo. Kwaya ya watu kumi wasiotetemeka inaishi kwa hiyo, na ndiyo maana hawabebi kinanda.

Je, ni nani hapa Dodoma tayari anaijua hiyo m? Anayepiga ilimba, ile ala ya Wagogo ya vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba! Ndani ya kila sauti moja kuna sauti ndogo zilizopangana kama ngazi. Wataalamu waliochunguza muziki wa Wagogo, Gerhard Kubik akiwa mmojawao, wameeleza kwamba nota zake zinafuata ngazi hiyo ya asili, kuanzia daraja la nne hadi la tisa au la kumi. La nne ni d. La tano ni m. La sita ni s. La saba ni ta (t iliyoshushwa), iliyo chini kuliko ta yoyote mtakayoipata kwenye kinanda. La nane ni d ya juu, la tisa r. Tazameni hilo la tano: ukianzia C ya kati kuwa d, m yake ni 327. Ni ileile. Marehemu Mzee Hukwe Zawose, mtoto wa Dodoma hii, aliyefariki mwaka 2003, alizunguka dunia na ilimba na zeze, na watu wa Ulaya wakashangaa utulivu ulio ndani ya sauti zile. (Lile daraja la saba liacheni nyumbani. Ni tamu kwenye zeze, lakini kwa Byrd halina kiti.)

Basi mtoto amekulia Chamwino, masikio yamejaa zeze na ngoma za muheme. Siku ya kwanza anajiunga na kwaya. Anaimba m. Tunamwambia nini? “Unashuka wewe! Fuata kinanda!” Kuna siku anashuka kweli. Na kuna siku ndiye peke yake aliye sahihi ndani ya chumba kizima. Mwalimu asiyejua tofauti anamharibu.

Tofauti utaijuaje? Kushuka kwa uvivu kunasikika kwenye ngazi: mtu anateremka m, r, d kwa hatua kubwa, akipanda anapanda kwa hatua ndogo, kila ubeti anapoteza kidogo. Kunasikika pia kwenye nota inayorudiwa mara nyingi, s s s s s, kila moja inachoka kuliko iliyotangulia. Dawa yake ni pumzi, na kuifikiria kila nota mpya kuwa juu kidogo ya iliyopita. Lakini m iliyotulia juu ya d na s, isiyodunda, usiiguse.

Na ipo namna ya tatu, ambayo inawapata hata mabingwa. Besi akitembea d, l, r, s, d, na kila sauti ikajipanga safi juu ya iliyotangulia, mkirudi d mmeshuka sehemu 22 za nusu-nota. Hakuna aliyekosea. Rudieni mara tano, nusu-nota nzima imepotea, kinanda kikiingia ubeti wa mwisho ni aibu. Mahali pa kuziba ni pale kwenye r. Asiipime kutoka l aliyotoka. Aisikie kutoka s anayoiendea. Ni jambo dogo. Ukiliweka alama ya penseli kwenye karatasi ya besi, limekwisha.

Jambo jingine la Waingereza hawa ni t na ta kugongana. Tallis na Byrd, karibu na mwisho wa sentensi, wanaweza kuipa sauti moja t na nyingine ta kwa wakati mmoja. Mtasema mchapaji kakosea. Mara nyingi hajakosea. Imbeni polepole, kila mmoja ashikilie yake, mtasikia inavyouma halafu inavyopona.

Kuhusu solfa nitasema kwa furaha, maana huku ndiko tulikozaliwa. Mtawa Guido wa Arezzo, karne ya 11, aliwafundisha watoto ut, re, mi, fa, sol, la. Karne ya 19 Sarah Glover wa Norwich na kisha John Curwen wakaitengeneza kuwa d r m f s l t, na misheni zikatuletea. Wasomi wa nota za mistari wanatucheka. Wasicheke. Josquin des Prez, mtunzi mkubwa kuliko wote wa zama zake, alitunga misa nzima juu ya nota tano: la, sol, fa, re, mi. Inasimuliwa tangu mwaka 1547, katika kitabu cha Glareanus, kwamba kulikuwa na bwana mkubwa ambaye kila akiombwa jambo alijibu “niachie mimi”, na hafanyi kitu. Kwa lugha zao “niachie mimi” inasikika kama la sol fa re mi. Josquin akamtungia misa. Mabwana wa namna hiyo hata hapa mjini hawakosekani.

Rekodi ya misa hiyo pamoja na misa Pange lingua ndiyo iliyowapa The Tallis Scholars tuzo ya rekodi ya mwaka ya jarida la Gramophone mwaka 1987, mara ya kwanza kwa muziki wa kale. Wakaendelea na Josquin mpaka mwaka 2020 walipomaliza misa zote 18, albamu 9. Ya mwisho ni misa aliyomtungia mtawala wa Ferrara, Hercules Dux Ferrarie. Chukua vokali za jina hilo: e, u, e, u, e, a, i, e. Zigeuze solfa: re, ut, re, ut, re, fa, mi, re. Tuni imepatikana. Sauti ya tatu inaishikilia kwa nota ndefu, wengine wanafukuzana juu na chini yake.

Sasa nyie fanyeni Kilimatinde. I, i, a, i, e. Mi, mi, fa, mi, re. Sikieni: m m f m r. Hiyo ni tuni kamili, inakaa kwenye sauti ya tatu bila shida! Chamwino: f m s. Manyoni: l s m. Dodoma: s s l, au s s f, chagueni. Mpwapwa ni l l, watu wa Mpwapwa mtanisamehe.

La mwisho, maneno. Kilatini kina vokali tano, na sisi tuna vokali zilezile tano. Mwingereza akiimba “Deo” inamponyoka inakuwa “Deyou”, na mwalimu wake anahangaika nayo saa nzima. Mwanakwaya wa Ihumwa anaiimba sawasawa mara ya kwanza. Hilo halihitaji semina.

Kiswahili chenyewe je? Mwaka 1544 askofu mkuu Cranmer alimwandikia mfalme kwamba wimbo wa kanisa usijae nota, kila silabi iwe na nota yake kadiri inavyowezekana. Tallis akatunga hivyo. Wimbo wake wa sauti nne wa Yohana 14, wa siku za Edward wa Sita, unaanza na silabi nne za Kiingereza, “If ye love me”. Kiswahili ni “Mkinipenda”, silabi tano, kwa sababu M inahesabiwa. Gawa nota ya kwanza mbili: M na ki. Nota ya pili ni ni. Ya tatu, ile iliyobeba pendo kwa Kiingereza, inapokea pe, na mkazo wa Kiswahili unaangukia hapohapo. Ya nne, nda. Imekaa kama imetungwa Dodoma. Shida inaanza neno linalofuata. Nota ni tano, na “mtazishika amri zangu” ni silabi kumi ukihesabu M zote mbili. Wanaolazimisha wanaishia kuikimbiza kama mnadani. Ama mgawe kila nota mbili na kupunguza mwendo, ama mkae na mchungaji mkubaliane maneno mafupi. Msizimeze zile M kwa sababu tu ni ndogo.

Na jengo. Nyimbo hizi zilitungwa kwa kuta za mawe, sauti inaning'inia sekunde tatu, nne, tano. Makanisa yetu ya bati, dari na mapazia, ukipiga kofi moja limekufa kabla hujashusha mkono. Mahali pa namna hiyo ongezeni mwendo, simameni karibu na ukuta mtupu, na mazulia ya madhabahuni yakunjwe kama wahusika wataruhusu.

Sasa simameni. Kijana wa mitambo, zima spika, zima na kinanda. Feni pia. Watu kumi waje hapa mbele, wawili wawili, waliobaki mtakuwa masikio. Besi mtaanza. Sauti ya tatu mtaingia na s baada yao, sauti ya pili d ya juu. Sauti ya kwanza, nyie ndio wa m, na hamuingii mpaka hao wengine watulie, hata kama itachukua dakika nzima. Mkiingia, ingieni juu kidogo, kisha shukeni polepole mpaka ule mdundo uzime. Hamtaambiwa lini. Mtausikia wenyewe.

Besi. D.